Pindo la Suruali ya Rebeccah

Nyuma ya soko,
Litein, Kericho.
12 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Magdaline,

“Wenye miguu kama mchi wavae sketi ndefu. Suruali za robo tatu wawaachie wenye miguu.”

Hayo ni maneno yako. Uliyaandika kwenye grupu ya familia Jumapili ya tarehe moja, saa kumi na dakika kumi jioni, chini ya video ya mtoto wako akiimba. Nimeyanakili neno kwa neno usije ukasema Drusilla ameongeza chumvi. Nitayajibu, lakini kwanza nikusalimu, maana Mama alitufundisha adabu.

Hujambo huko Leeds? Mgongo unaendeleaje na hiyo kazi ya kuwainua wazee kitandani? Umepata viatu vya kazi vyenye soli laini kama nilivyokwambia? Sisi hapa tu wazima wa mwili. Mvua imetuandama tangu Aprili, majani chai yanachipuka kuliko mikono ya kuyachuma, na njia ya kwetu imekuwa uji. Mama yuko vizuri. Presha imeshuka, ingawa bado anabishana na redio.

Salamu zimekwisha. Sasa kaa kitako.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Ujumbe wa simu mtu huuandika huku akingoja chai ichemke, akausahau kabla hajaweka sukari. Morris, kijana wa jirani yetu, anakuja huko masomoni Jumanne. Atakuletea barua hii na kifurushi. Usifungue kifurushi kabla ya kumaliza kusoma.

Vijana wa kanisa walialikwa kuimba Siongiroi. Wasichana walichagua sare ya blauzi nyeupe na suruali nyeusi za robo tatu, na mimi ndiye niliyezishona zote kumi na moja. Rebeccah wako ndiye aliyeongoza wimbo. Uliisikia ile sauti, Magda? Kulikuwa na wazee pale nyuma waliovua kofia. Mtoto hujamshika mkono miaka minane, sasa ana kumi na tisa, anakuletea sauti kama ile, na wewe ukatazama miguu! Shirley akaweka vikatuni vitatu vya kucheka. Maxine naye, tangu lini hao binamu zetu wakakosa la kuongeza, akaandika, “Mchi na kinu chake.”

Rebeccah aliyasoma hayo yote akiwa bado uwanjani Siongiroi, wenzake wakiosha sahani. Alipofika nyumbani aliniwekea suruali juu ya cherehani, imekunjwa vizuri.

“Tata, hii irudishe,” akaniambia mimi mama yake mkubwa.

Tangu siku hiyo anavaa sketi ya Mama inayofika chini. Anaivaa hata akienda kuchuma majani, umande unaipanda mpaka magotini, anarudi imejaa matope kama kitambaa cha kupigia deki. Mazoezi ya kwaya haendi. Hayo ningeyavumilia. Lakini Jumatatu ilikuwa siku yetu ya kwenda Kericho kukamilisha karatasi za safari yake ya kuja kwako, na alikataa kuinuka kitandani. Akaniambia hivi, tena bila kulia: “Sitaenda, Tata. Kama ananionea haya kutoka mbali hivyo, je, nikisimama kando yake pale uwanja wa ndege?”

Tarehe thelathini anatakiwa Nairobi kuchukuliwa alama za vidole. Asipofika, Agosti hatakuja. Umeelewa kinachopotea? Si suruali.

Basi nikafanya ninachofanya nikitaka kumjibu mtu. Nilitafuta ushahidi. Unajua mimi nimewaandikia wahariri wa magazeti miaka mingi, na sijawahi kuandika kabla ya kusoma mara tatu. Hiyo video nimeitazama mara kumi na tano. Mwanzoni nilitaka kukuonyesha kwamba mtoto alipendeza. Magda, hakupendeza. Sitakudanganya ili nishinde.

Lakini hata wenzake hawakupendeza! Mtazame Janeffer, yule mrefu mwembamba anayesimama kulia. Alionekana kama aliyeazima suruali ya mdogo wake. Yule wa pili, mwenye mabega mapana na miguu ya kawaida, alionekana amepiga magoti. Wasichana kumi na mmoja wenye maumbo kumi na moja hawawezi wote kuwa na miguu mibaya siku moja. Nikasimamisha video, nikatazama pindo. Kwa kila mmoja lilikuwa limekata mahali pamoja: katikati ya shavu la mguu, pale linaponenepa zaidi.

Nikakaa chini. Nilikumbuka.

Niliwapima kwenye kituo cha kupimia majani. Wiki hiyo majani yalikuwa mengi, hakuna msichana aliyepata nafasi ya kuja kibandani kwangu, kwa hiyo nikawafuata kwenye foleni, lori likingojwa, kila mmoja na kikapu chake na gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira. Nilipitisha tepu kutoka kiunoni hadi mdomo wa gambuti, nikaandika. Kiunoni hadi mdomo wa gambuti, nikaandika. Na gambuti huishia wapi? Pale pale shavu linapojaa. Hakuna mguu duniani unaovumilia kukatwa hapo, hata wa hao wanaotembezwa kwenye majukwaa ya mitindo. Mimi, fundi wa miaka ishirini na sita, nilipima gambuti nikidhani napima wasichana.

Kwa hiyo kosa la kwanza ni langu, na nimelikiri mbele ya kwaya nzima, nimesimama. Lakini ulipoona suruali mbaya, hukuuliza fundi ni nani. Uliulaumu mguu. Hapo ndipo mimi na wewe tunapogombana.

Usiniletee zile kurasa za mtandaoni zinazowagawa wanawake kuwa matofaa na mapeasi. Nimezisoma. Mimi sijawahi kumpima peasi. Nimempima Dorcus, mke wa Kipkirui, jirani yetu wa shamba la juu, mwenye tumbo la uzazi wa watoto sita na miguu ambayo ungedhani ni ya msichana. Miaka thelathini ameificha hiyo miguu kwa sababu ya tumbo ambalo halijamkosea mtu. Nilimkatia suruali, mbele pasiwe na marinda, zipu nikaiweka ubavuni, mkanda mpana usiobana, kisha mguu unaopungua taratibu hadi juu kidogo ya kifundo.

Akajitazama, akacheka, akaziba mdomo. “Fundi, unataka Kipkirui anifukuze?”

“Akikufukuza atakuona vizuri ukienda.”

Ameivaa hadi sokoni Silibwet. Kipkirui hajafukuza mtu.

Zile kumi na moja nilizifumua zote, nikaongeza kitambaa palipohitajika. Janeffer nilimpa marinda mawili mbele na mguu mpana unaopepea, nikaacha uishie chini ya shavu la mguu, maana mrefu mwembamba ana nafasi ya kuchezea, na upana humpa mwili. Yule wa mabega nilimpanulia chini kidogo ili chini pajibu juu. Kila mmoja alipimwa kibandani, miguu mitupu, juu ya sakafu.

Rebeccah alikuwa wa mwisho, na nilimbembeleza. Mfupi mwenye nyonga pana na shavu la mguu lililojaa hapaswi kufichwa. Anataka mstari usiokatika. Nilipandisha kiuno juu ya kitovu. Niliondoa mifuko ya ubavuni, ile hufunguka kama masikio. Niliacha kitambaa kidondoke wima kutoka kwenye nyonga bila kumbana paja, na pindo nikaliteremsha hadi vidole vinne juu ya kifundo, pale mguu wake unapokuwa mwembamba. Ndiyo, Magda, mguu huo una mahali pembamba. Mguu wowote unapo. Kazi ya fundi ni kupatafuta. Viatu nikamwambia avae vya chini vya rangi ya ngozi yake, bila ukanda wa kufunga kifundo.

Aliivaa. Alisimama mbele ya kioo, akageuka, akageuka tena. Nilimwona anataka kutabasamu.

“Ni nzuri,” akasema. Kisha akaivua, akaikunja, akavaa tena sketi ya Mama.

“Rebeccah, mbona?”

“Wewe unanitetea tu, Tata. Si wewe uliyesema.”

Nimebishana na wachungaji, machifu na wahariri. Kwa hilo nilikunja tepu yangu.

Mama alitaka kujua mtoto ana nini, akanilazimisha nimsomee ulichoandika. Nilimsomea. Alivuta sketi hadi magotini, akaitazama miguu yake kwa muda. “Hii nayo ni mchi? Basi mchi huu umepanda kilima cha kituo na majani mgongoni miaka arobaini, na ndio uliomlipia Magda karo.” Halafu akawasha redio. Hajakutaja tena tangu siku hiyo, na wewe unajua kwake hilo ni neno zito kuliko matusi.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Hilo neno hukulitunga wewe. Ulikuwa darasa la saba, siku ya michezo, umevaa kaptura ya shule, na shangazi yetu aliyekuja kutazama akasema mbele ya watu, “Huyu naye na michi yake anakimbilia wapi?” Ulijifunga sweta kiunoni jua likiwaka, ukakataa kukimbia, na ulikuwa ukiongoza kila mazoezi. Mimi nilimjibu shangazi nikachapwa kwa ajili yako. Sweta hilo hukulivua mpaka kidato cha pili. Nilidhani umelivua. Kumbe umelihifadhi miaka thelathini na zaidi, ukamvisha mtoto wako.

Miguu ile ni yako, Magda. Ni ya Mama, kisha yako, kisha yake. Nilipokuwa nikichora chaki kwenye suruali ya Rebeccah, mkono wangu ulikuwa unakukumbuka wewe.

Ndiyo maana nimekutumia kifurushi. Ndani mna suruali ya robo tatu, kitambaa kile kile, mkato ule ule. Nimetumia vipimo vyako vya mwaka uliposafiri, bado vimo katika daftari langu, na mshono wa nyonga nimeuachia kitambaa cha kufumulia kama mwili umeongezeka, jambo ambalo si dhambi. Pindo liko vidole vinne juu ya kifundo. Usilishushe.

Mama anakusalimia, ingawa hajanituma. Dorcus na Kipkirui wanakusalimu, na Janeffer na kwaya yote. Wasalimie wenzako wa kazini na wale wazee unaowalea. Mungu akupe nguvu za mgongo na za ulimi, akulinde katika baridi hiyo mpaka tuonane.

Sasa nataka mambo haya, na siyaombi. Shirley na Maxine, kwa maana najua Magda atawasomea: kila mmoja aingie kwenye grupu pale pale alipocheka, aandike jina la Rebeccah, amwombe msamaha. Msifute mliyoandika kimyakimya kana kwamba hayakuwapo.

Nawe Magdaline, Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, tukishatoka kanisani, saa nane ya huku, vaa hiyo suruali. Isimamishe simu mbali, uonekane wote, kuanzia kichwani hadi vidoleni, usijifunge sweta. Mpigie mtoto wako. Mwambie nani alikuambia neno lile, na lilikufanya nini. Kisha umwombe akuimbie, na safari hii usikilize.

Nitakuwa nimeketi kando yake. Simu itakuwa na chaji.

Mimi dada yako, anayekupenda na asiyekuogopa,
Drusilla Wanjuhi