Kaa Wangu na Mtani Wangu Maganga

Jumapili, saa nne asubuhi. Kerege jua linachoma na umeme umekatika, kwa hiyo gereji nimeifunga na hasira yangu sina pa kuimalizia ila hapa.

Ninayo nyingi. Nimelala nayo, nimeamka nayo.

Wanaonijua wanajua mimi ni fundi umeme wa bajaji. Wanajua pia kwamba tangu utotoni nikitazama filamu za majasusi na mashujaa, simtazami jasusi. Namtazama yule mtu wa karakana. Anatokea dakika mbili, anamkabidhi mwenzake saa inayokata chuma na gari linalozama baharini likaibuka kavu, halafu humwoni tena. Jasusi anapigiwa makofi, fundi hata jina hana.

Miaka mitatu iliyopita nilianza kuandika visa vyangu kwenye daftari. Jasusi wangu ni mama muuza vitumbua wa Bagamoyo. Kikaango chake kinanasa mazungumzo ya simu, risasi haipiti kanga yake, na usafiri wake ni bajaji inayoitwa Kaa kwa sababu inatembea ubavu. Maadui wakimziba mbele na nyuma, yeye anateleza pembeni, anapotelea vichochoroni na vitumbua vyake havijapoa.

Nilimwonyesha Maganga. Huyu anatengeneza filamu fupi za mtandaoni, na alihamia Bagamoyo kutoka Tabora. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu. Aliipenda Kaa mpaka akaniomba nimtengenezee ya kweli kwa ajili ya filamu. Nikaitengeneza. Chini nilifunga jeki mbili zinazoendeshwa na mota, na vitairi vinavyoelekea kando. Ukibonyeza kitufe, bajaji inanyanyuka kidogo na kutambaa ubavu hatua kama kumi. Ilinichukua miezi minne na kucha mbili.

Alhamisi nikamsikia redioni. Anasema Kaa ni wazo lake, alilipata akiwa mtoto Tabora. Tabora, ambako kaa pekee aliyemwona labda alichorwa kwenye kitabu cha shule. Na mama yangu wa vitumbua amemfuta kabisa, nafasi yake kampa kijana wa miwani myeusi na koti refu, anayemwigiza yeye mwenyewe, kwenye joto hili letu.

Hilo la koti liliniuma karibu sawa na la wizi.

Nilimpigia simu. Alicheka tu, akasema mtani hanuniwi. Mama yangu mzazi naye, nilipomweleza, akawa upande wake: mtani akichukua chako kachukua, hata msibani anaweza kuingia kaburini akazuia mazishi mpaka apewe kitu, na hakuna wa kumkasirikia. Pale gereji wenzangu wakaniambia hivyo hivyo.

Basi nikasema sawa. Kama ni utani, na tutaniane.

Jana alasiri ulikuwa uzinduzi wa filamu, kiwanjani Bagamoyo, watu wamejaa. Maganga aliniita niikague Kaa, maana kwake mimi ni fundi tu. Nikaikagua. Kila bajaji ninayoifunga umeme naiwekea swichi ya siri, ili mwizi akiwasha asifike popote, na mwenye bajaji namwonyesha ilipo. Maganga sikuwahi kumwonyesha. Nikaizima ile ya Kaa, niliyoiweka kwenye umeme wa jeki, nikaenda kukaa kwenye kiti cha mbele kabisa.

Nakiri, nilikuwa na furaha mbaya.

Aliingia na koti lake, akiendesha Kaa, moshi unatoka, muziki juu. Akatangaza kwamba sasa watu wataona maajabu. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, na tena, jasho likaanza kuchuruzika ndani ya koti, watoto wakaanza kuzomea. Nikainuka taratibu, nikachukua kipaza sauti.

"Mimi ni mtani wa huyu bwana," nikasema. "Nimeshika kitu chake. Akikomboe."

Watu wote wakaelewa papo hapo, wakashangilia. Wengi walidhani nitataka kreti ya soda. Nikasema sitaki soda, nataka aseme Kaa ilitoka kichwani mwa nani. Na hapo nilikuwa nimemkamata, maana mtu akimkasirikia mtani wake mbele ya watu, aibu ni yake. Alitabasamu kama aliyeng'ata pilipili. Akasema.

"Kaa ni ya huyu Zaituni wa Kerege. Kila kitu, kuanzia jina."

Nikawasha swichi. Kaa ikatambaa ubavu hatua zake kumi, kiwanja kikalipuka.

Nilisimama pale nikingoja kuponywa na maneno yale. Lakini watu walikuwa wanacheka. Mwandishi mmoja wa habari alinijia akiwa bado anafuta machozi ya kicheko, akaniuliza kama mimi na Maganga tuna kawaida ya kuchekesha watu hivi. Nikamwambia ni kweli, ni yangu. Akacheka zaidi. Leo kwenye kurasa zote za mtandaoni video ipo, na chini wameandika kwamba msanii Maganga, mbunifu wa Kaa, ametaniwa na mtani wake.

Amekiri mbele ya mamia ya watu, na hakuna hata mmoja aliyemsikia. Kosa ni langu. Nilichagua silaha ambayo ikimpiga mtu haiachi alama.

Saa tatu hivi asubuhi hii akanipigia, sauti ya mtu aliyeshinda. Watani hatuamkiani, tunaanza na matusi. Akaanza: "Wewe mla nazi, bado uko hai?"

Amenizidi miaka saba. Sijawahi kumwamkia hata siku moja.

"Shikamoo, Bwana Maganga," nikamwambia.

Nilisikia kiti kikisogezwa huko aliko. Hakuitikia marahaba. Baadaye akaniuliza, polepole, kama kweli nimekasirika.

Nikamwambia ndiyo.