Kufuli la Simu ya Nynke

Bolsward,
10 Machi 2024

Mpendwa Dada Aukje,

Hujambo huko Nelson? Goti limepona, au bado unapanda ngazi huku ukililaani? Sisi tu wazima, ila mume wangu Gerlof ana mafua, na ukimsikia utadhani anaiaga dunia. Mama anakula vizuri na anagombana na upepo kama kawaida yake.

Leo nina la kujivunia, kwa hiyo nivumilie.

Binti yetu Nynke ametimiza miaka kumi na mitatu. Siku hizi anaendesha baiskeli hadi shuleni Sneek, mvua inyeshe isinyeshe, basi simu hatukuweza kumnyima. Nilikaa nayo jioni nzima nikiifunga: video saa moja tu kwa siku, hakuna programu mpya mpaka niridhie, na ikifika saa tatu usiku inafunga kila kitu isipokuwa kutupigia sisi wazazi. Tukakubaliana mezani, sote watatu, kwamba akilichezea kufuli simu itaingia kabatini mwezi mzima.

Namba ya siri nikaweka siku yako ya kuzaliwa, nikajiona mjanja kweli. Lakini dada, choo chetu unakijua. Kalenda ya siku za kuzaliwa inaning'inia mbele ya macho, ukoo mzima umo, na mtoto anakaa pale kila asubuhi akiisoma. Jina lako nimelizungushia wino mwekundu kwa mkono wangu mwenyewe! Ujinga wa namna hiyo ni wa kwetu tu.

Ijumaa moja mwezi uliopita nilikuwa namenya viazi. Nynke akaingia, akaweka simu mezani na chaja juu yake, akabaki amesimama. Akanieleza kwamba juzi yake usiku aliifungua. Merel, rafiki yake aliyehamia Maastricht, alikuwa amemwandikia kwamba wazazi wake wanaachana, na saa tatu ikagonga simu ikajifunga katikati ya maneno. Nynke akajaribu siku za kuzaliwa za ukoo, na yako ikawa ya tatu. Wakazungumza mpaka Merel akaacha kulia, kisha akaifunga tena kama ilivyokuwa.

Simu yenyewe haikuniambia neno. Ningekufa bila kujua. Nikamuuliza, sasa mbona unaniambia?

"Kwa sababu nitafanya tena," akasema. "Namba naijua. Ibadilishe, mama."

Nilimkumbatia kwa mikono yangu yenye maji ya viazi, akalalamika kwamba namlowesha.

Gerlof alisema ahadi ni deni, simu iende kabatini. Moyo wangu ulikataa, lakini mtoto mwenyewe hakubisha, nami ningebishaje? Iliingia. Kila alasiri nilimwazima simu yangu azungumze na Merel, na hilo Gerlof alijifanya halioni.

Jana mwezi ulitimia. Nikamrudishia simu yake, nikamwambia nimeondoa makufuli yote kwa kuwa sasa namwamini. Nilitegemea ataruka kwa furaha. Akakuna kichwa.

"Lile la saa tatu lirudishe," akasema. "Wenzangu wanaandikiana mpaka usiku wa manane, mimi nachoka. Nikiwaambia mama ndiye kafunga, hawanisumbui."

"Kwa hiyo mbaya ni mimi?"

"Darasa zima wanajua hakuna mama mkali kama wewe."

Dada, tangu nizaliwe sijasifiwa hivyo. Nimelirudisha, na namba kachagua Gerlof, hata mimi siijui.

Msalimie Shemeji Colin, na umbusu mwanao Tamsin kwa niaba ya shangazi—lo, kwa niaba ya mama yake mdogo, nimechoka sasa. Mama anasema uvae soksi nzito. Mungu awatunze, na goti lako alikumbuke.

Mdogo wako akupendaye, mama mkali wa Bolsward,
Tjitske