Moto Niliongeza Mimi

Baba,

Unga wa donati uliobaki umeumuka vizuri, uko kwenye beseni chini ya kitambaa. ~~Mwachie Mama akaange.~~ Kaanga wewe mwenyewe, kwa moto mdogo.

Asubuhi ulipotoka kupokea simu, niliongeza moto kwa sababu nilikuwa nachelewa kazini. Ndiyo maana donati zako zilibabuka nje, ndani zikabaki mbichi. Halafu nikakucheka mbele ya wote nyumbani: "Baba, hizi zimevaa koti tu!" Ulivua aproni, ukaapa hutagusa karai tena, nami nikajifanya sijui kitu.

Mama nimeshamwambia ukweli. Kanifokea hadi nikatamani ardhi inimeze.

Nibakizie hata moja iliyoungua. Na jioni ukitaka kunicheka, waite na majirani.

Binti yako mwenye mdomo