Niliombea Foleni Iwe Ndefu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama anasema umeshavuka Zambia na sasa uko Kongo, kwa hiyo barua hii itakusubiri mpaka urudi. Simu ipo, najua, lakini kwenye simu tunaishia kuulizana kama tumekula, kisha mtandao unakata. Sitaifunga kwenye bahasha. Wasomee na madereva wenzako, maana nao wana watoto.

Unakumbuka foleni ya malori ya zamani? Ilianzia mpakani hapa Tunduma, ikapanda mpaka Mpemba na kuendelea. Kwa watu wengine ilikuwa mateso. Kwangu ilikuwa likizo yako. Tukisikia umeunga mkia wa foleni, mama alikuwa akifunga wali kwenye hotipoti, nami nikimtangulia mbio pembeni ya malori, nikisoma namba za matrela mpaka nione la kwako. Utingo wako, kaka Haonga, alibaki akisogeza gari kila foleni ilipojongea, wewe ukaja nyumbani. Ulitengeneza mlango, ulikagua madaftari yangu, ulikula ugali mezani kama baba za wenzangu.

Siku moja nilikaa nawe kwenye kabini, ukaniambia, "Mama, mbele ya safari haitakuwa hivi." Mama ndilo jina unaloniita tangu nizaliwe. "Karatasi zitatangulia zenyewe. Lori likifika mpakani, wameshalijua. Linapita hivi, fyuu!" Ukapitisha kiganja juu ya usukani.

Kaka Haonga akadakia, "Na chai je, dereva? Tutainywa tukiwa fyuu?"

Mlicheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa najiuliza, lori likipita fyuu, wewe nyumbani utashuka saa ngapi?

Ndiyo maana mwalimu wa darasa la nne alipotuambia tuchore Tunduma ya miaka ijayo, wenzangu walichora magari yenye mabawa na roboti zinazofua nguo, mimi nikachora foleni iliyopita Mpemba mpaka ikafika Vwawa. Darasa zima lilinicheka. Na mama aliponikuta nimepiga magoti nasema, "Ee Mungu, ongeza foleni," alinivuta sikio. "Unaomba nini wewe? Kuna watu wana nyanya humo, zinaoza!"

Mungu hakuiongeza. Magari hayajaota mabawa, na sare zangu bado nafua kwa mikono. Lakini yale uliyoyasema wewe yalitimia. Ofisi za nchi mbili ziliwekwa pamoja, karatasi zikaanza kutangulia kwa kompyuta, foleni ikafupika. Si kila siku, maana mtandao ukilala, malori nayo hulala. Ila jioni moja nilirudi kutoka shule nikakuta mfuko wa sabuni na biskuti mezani. "Amepita," mama alisema. Ulikuwa umepiga honi, akakukimbilia barabarani, ukampa mfuko, ukaenda zako.

Nilinuna, baba. Ulipiga simu mara nyingi nisipokee. Nilipoipokea nilisema, "Yale mambo yako yametimia, na wewe hupo."

Ukasema, "Mahafali yako ni lini, mama? Nipe tarehe."

Hukuwahi kuniomba tarehe. Zamani ungeifanyia nini? Siku ya kipaimara changu ulikuwa Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka tu, karibu kiasi kwamba ulisikia matarumbeta ya kanisani kwetu. Ulikuwa umenasa kwenye foleni, kaka Haonga anaumwa, na mzigo huna wa kumwachia. Nililia nikilaumu kazi yako. Kumbe iliyokuzuia ni ile ile foleni niliyokuwa naiombea. Mpaka uliponiomba tarehe, sikuwahi kuliona jambo hilo.

Na tarehe ikafika. Nilisimama kusoma risala ya wahitimu, nikainua macho nikakuona safu ya mbele, shati limepigwa pasi, umewahi hata kabla ya mgeni rasmi. Kuanzia hapo sauti yangu ilipanda. Nilisoma kama mtu anayetangaza ushindi wa nchi nzima.

Wakati wa kuvisha mashada ulipofika, jirani yetu Mama Sekela hakujizuia. "Jamani, kumbe Baba Tumaini ana miguu! Sisi tumezoea kichwa dirishani!" Watu waliangua kicheko, nawe ukaitumia miguu hiyo kucheza kutoka kwenye kiti mpaka niliposimama. Uliponivisha shada uliniinamia sikioni. "Lori liko Mpemba na Haonga. Karatasi zimeshavuka. Mimi nitavuka asubuhi."

Sasa nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Natamani kusomea kompyuta, ikiwezekana niwe mmoja wa wanaohakikisha mtandao wa pale mpakani haulali. Sijui kama nitafika. Lakini siogopi tena mambo mapya kama nilivyoyaogopa nikiwa mtoto.

Zamani ulikuja nyumbani kwa sababu hukuwa na pa kupita. Siku ile ya mahafali njia ilikuwa nyeupe mbele yako mpaka Zambia, hakuna aliyekuzuia, na ukashuka.

Mungu akulinde kwenye kila kona, baba.

Binti yako wa kwanza,
Tumaini