Damu yangu kwenye tivii

Careen, uko wapi? Nimeaibika leo mpaka nacheka peke yangu.

Si unaijua ile hadubini mpya ya hapa zahanati, yenye tundu la tatu la kamera? Leo tumeiunganisha kwenye tivii. Unajua watu wa hapa Busunzu hawataki kupima, homa wanaitibu kwa Panadol. Nikasema acha kamati ya afya ya kijiji waione malaria kwa macho yao.

Nikawawekea damu ya mgonjwa. Nikawafundisha vizuri, ukiona vipete vidogo ndani ya chembe nyekundu, hao ndio wadudu.

Halafu nikajitia ujuaji. Nikasema sasa muone damu safi. Nikaweka yangu, niliyojitoa kidoleni asubuhi, wala sikuichungulia. Yangu, Careen.

Tivii nimeipa mgongo, naeleza damu ya mtu mzima wa afya inavyopendeza. Mama Vestina, mwenyekiti wao, akauliza taratibu, "Mwanangu, na hivyo vipete?"

Nikageuka. Vipete tivii nzima.

Mzee Ndayikunda wa kamati akaniuliza kama huwa nalala kwenye neti. Mimi, niliyewagawia neti.

Na jana uliniambia nikapime, nikakujibu ni uchovu wa barabara ya Kasulu. Usinikumbushe.

Dawa ya mseto nimeshameza, Mama Vestina kasimama mbele yangu mpaka nikafungua mdomo aone.

Ila sikia. Mwezi mzima nawabembeleza waje kupima. Sasa hivi kamati yote iko kwenye foleni, kila mtu anataka damu yake itoke kwenye tivii.