Sauti Yako Sikuifuta

Dada Kabula,

Wewe umelala, mimi nimeachiwa ugomvi. Nina hasira tangu siku tulipoondoa matanga, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Tulifua nguo zako kabla ya kuzigawa, kama ilivyo desturi. Kanga zilikwenda kwa Shangazi. Mwanao Minza alibaki kwangu hapa Ngokolo. Ile kompyuta uliyopewa na Mama Nasrin, tajiri wako wa dukani, akaichukua Baba Mdogo. Anafungua ofisi ya kuchapa barua Kagongwa. Akaniagiza niiongezee nguvu kwanza: mazabodi mpya, yaani ule ubao mkuu wa ndani, prosesa mpya, memori zaidi, kisha niweke Windows upya. Sikupinga. Ilikuwa inajikokota, wewe mwenyewe ulikuwa ukiipiga makofi ubavuni.

Kisha akasema, "Na uifute yote. Nguo tumefua, na hii nayo ifuliwe."

Nikamwambia humo mna sauti yako, ulimwimbia Minza. Akacheka. "Sauti ya marehemu kwenye mashine ya biashara? Wateja wangu watatorokea dirishani!" Watu wazima, Dada, walicheka kwenye mkeka uleule walioukalia wakikulilia. Shangazi peke yake hakucheka. Alisema mtoto akiisikia itamwita, atakufuata.

Na wewe nawe! Ulirudi kutoka hospitali ya Kolandoto, ukajifungia chumbani na kile kipaza sauti kidogo, ukasema unajaribu mashine. Ulijua unakufa. Kwa nini hukuniambia? Mimi niliyekuja kila mashine ilipoganda, huku ukinitania, "Fundi bisibisi, usije ukabakiza skrubu." Nakala hukuweka popote. Nyimbo zako ni nzito, haziingii kwenye vile visahani vidogo vya flopi. Zote ukaziacha kwenye diski kuu moja, ileile niliyoamriwa kuifuta.

Shajara yangu ya Jumatano ina sentensi moja: Leo nimekataa. Nilitoa mazabodi ya zamani, nikafunga mpya, nikapachika memori. Nilipofika kwenye diski yako, niliichomoa. Nikaenda kwa Mama Nasrin kumwomba nyingine. Hakuuliza mengi. "Kabula alikuwa mtoto wangu," alisema, akanipa diski ya mashine yao mbovu iliyokuwa stoo. Hiyo ndiyo niliyoifuta. Hiyo ndiyo niliyoiwekea Windows.

Baba Mdogo alipokuja nilimweleza waziwazi kwamba diski yako nimeitoa.

"Umeiba urithi!"

"Ulitaka mashine isiyo na marehemu, Baba Mdogo. Ndiyo hii."

Akasema shule imeniharibu, na kwamba ataniita mbele ya ukoo. Aniite! Nilimbebea mzigo wake mpaka kwenye gari, nikamuaga kwa heshima, nikarudi ndani.

Vile vipande vya zamani hakuvitaka. Nimevifunga upya ndani ya kasha la mbao, na Mama Nasrin akaniongezea kioo cha kompyuta na kisanduku cha umeme kutoka stoo ileile. Mwanzoni diski yako ilikataa kusomwa. Nikaitukana, nikakutukana na wewe. Nikahamisha kipini kimoja kidogo nyuma yake, ikaamka.

Nilidhani kwanza ungeimba. Kumbe uliita: "Minza, mayu, mamangu mdogo, uko wapi?"

Mtoto alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini. "Abee, mama!" Akaenda kukutafuta nyuma ya meza, halafu uvunguni mwa kitanda. Akarudi kwangu, akaniuliza mbona umejificha.

Nilikuchukia, Dada. Niseme ukweli. Nilizima mashine, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Hapo ndipo nilipoelewa alichokiogopa Shangazi. Na bado siifuti.

Nenda salama. Minza sitamwambia umesafiri, wala kwamba umelala. Nitamwambia umekufa, kwa neno hilohilo, kila atakapoinuka kukutafuta. Nitarudia mpaka siku atakayoweza kukaa chini, akusikilize hadi mwisho wa wimbo, kisha aendelee kula.

Mdogo wako,
Masunga