Sufuria Iliyorudi Langoni

Kwa Fundi Hamdani,
Kamembe, Rusizi.
Jumapili, tarehe 20 Oktoba 2024

Mpendwa Shangazi Mwasiti,

Assalaam alaykum. Habari za huko Lusaka? Mguu wako unaendeleaje, ule unaovimba ukisimama muda mrefu mbele ya wasichana wako wa madrasa? Na Mzee Sefu, kikohozi kimemwacha? Tunakuombeeni kila siku, hata mimi ambaye Mama anasema huwa nasali kama mtu anayekimbizwa.

Sisi tu wazima, Alhamdulillahi. Mvua imeanza kwa nguvu na barabara ya kwetu imekuwa uji mtupu. Mgongo wa Mama uko vilevile. Habari kubwa ni kwamba kaka Latifu na mke wake wamepata mtoto wa kike jana Jumamosi. Ana nywele nyingi, na analia kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuwa nayo. Aqiqa, karamu ya kumchinjia mtoto, itakuwa Ijumaa hii inayokuja.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Simu ya nyumbani ni ya wote, Shangazi, kila mtu anasoma. Nikikupigia nitasema “ndiyo” na “hapana” basi, unanijua. Hata darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo kwa Kinyarwanda na kwa Kiingereza, ila mdomo unafungwa kwa lugha zote mbili. Mwenzangu wa dawati, Aurore, ndiye husimama na kusema, “Mwalimu, Gasaro anajua, ila anaona haya.” Ni rafiki yangu wa pekee. Naandika kwa sababu yake. Naogopa kumpoteza, au nilishampoteza, au nimempata tena kwa njia isiyofaa. Nimechanganyikiwa kabisa.

Unaikumbuka sufuria kubwa ya Mama, ile ya pilau za harusi ambayo tulipokuwa wadogo tulioga ndani yake? Tangu mgongo umkatae, ilikaa nyuma ya nyumba inakinga maji ya mvua. Papa akasema tuiuze kwenye lile kundi la WhatsApp la watu wa Rusizi wanaouziana vitu vilivyotumika. Papa hapendi kuandika na vidole, kwa hiyo picha nilipiga mimi, tangazo nikaandika mimi, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili: sufuria ya alumini, imetumika, mshikio mmoja umetengenezwa upya na fundi. Sikuficha kitu.

Wa kwanza kujibu alikuwa Maman Aurore, mama yake Aurore. Ni watu wa Bukavu, wanaishi huku siku nyingi, na ana resto ndogo karibu na soko. Nilifurahi kwamba sufuria yetu inakwenda kwa rafiki yangu. Nikawaza atapikia maharage. Wallahi Shangazi, niliwaza maharage tu.

Hazikupita siku nyingi, Maman Aurore akaandika mbele ya kundi zima kwamba sufuria inavuja, moto unazimika, wateja wanamgombeza. Papa alikasirika sana. Fundi wa vyombo kuambiwa amevujisha chombo! Alishika simu akaisogeza mdomoni kama anataka kuimeza, akasema: “Maman Aurore, mimi Hamdani sijawahi kuuza kitu kibovu. Kama haikupendezi irudishe kwangu, nitaipokea. Wallahi nitaipokea, na watu wote hapa wamesikia.” Delphin, kijana anayesimamia kundi, akaweka alama ya kidole gumba.

Kesho yake jioni Maman Aurore akafika, sufuria imefungwa kwenye baiskeli, Aurore anaishikilia kwa nyuma. Papa hakuiingiza hata ndani. Aliijaza maji palepale langoni, akainama, akachungulia chini yake kama daktari.

“Unaona? Hakuna hata tone.”

“Papa Latifu, mie napikaka na maji ya baridi? Washa moto!”

“Nitawasha.”

“Washa, bantu baone.”

Papa akapanga mawe matatu barabarani, akawasha. Jirani yetu Mukandori alitoka na kigoda chake kabisa, akakaa. “Leo tunakula nini?” akauliza, watu wakacheka. Maji yakaanza kupata moto. Kitu cha kwanza kutoka hakikuwa tone, Shangazi. Ilikuwa harufu.

Mama alijitokeza mlangoni, mkono kiunoni. “Papa Latifu, hiyo harufu ni ya nini?”

Papa akatazama moto. Maman Aurore ndiye aliyejibu, bila wasiwasi, kama mtu aliyeulizwa saa: “Ya akabenzi. Niko na resto, ulifikiri napikaka nini, biskuti?”

“Nguruwe?” Mama akasema. “Nguruwe, ndani ya sufuria yangu?”

Na hapohapo, chini ya ule mshikio uliotengenezwa, tone likaanguka kwenye moto. Tss. Halafu lingine. Sijui Papa alisikia lipi kwanza, nguruwe au tone. Alisimama kama amepigwa pande zote mbili.

“Hukuniambia,” akasema.

“Nikuambie nini? Kwenye tangazo muliandika kama hii sufuria haipendi nguruwe? Nilinunua sufuria, Papa Latifu, sikununua dini.”

Mukandori alicheka mpaka akashika ukuta. Hata mimi nusura nicheke, Mungu anisamehe. Lakini Maman Aurore hakuwa anacheka. Akashusha sauti. “Ulisema Wallahi. Iko bado mu telefone. Nikuchezee usikie?”

Papa hakutaka kuisikia. Alitoa simu, akamrudishia pesa yake palepale. Mama Latifu na Maman Aurore, wanawake ambao huwa wanasalimiana sokoni kwa kushikana mikono yote miwili, waliachana bila kupeana hata mkono mmoja. Aurore na mimi hatukutazamana.

Kwenye kundi mambo yakawa mabaya. Mtu fulani akatuma picha ya nguruwe amevaa kofia. Papa akaamini imetoka upande wa Maman Aurore, kumcheka yeye. Nikasikia kwamba Maman Aurore naye aliamini imetoka kwetu, kucheka chakula chake. Niliangalia namba. Ilikuwa ya mtu wa Giheke ambaye hajawahi kuuza hata kijiko. Nilitaka kuandika hivyo, nikafuta, nikaandika, nikafuta.

Sufuria ikabaki langoni. Papa aliapa kuipokea, akaipokea, lakini kuingia haikuingia. Mvua ikaijaza, kuku wa Mukandori wakanywa. Delphin akashauri tuiuze tena, watu wasiojali nguruwe ni wengi. Papa akamwambia, “Siwezi kuuza kitu kinachovuja baada ya kukiona kinavuja. Na siwezi kukiziba bila kukiweka kwenye meza yangu. Mezani kuna mabirika ya wudhu ya msikiti.” Hivyo wema wake na wudhu wake vikagombana, na sufuria ikakaa katikati.

Shuleni Aurore alihama dawati. Mwalimu aliniuliza swali, nikakaa kimya, na hakuna aliyesimama.

Sasa nikuambie jambo ambalo Papa na Mama hawalijui. Nakula kwao Aurore. Si mara moja. Tangu tuanze sekondari, siku za masomo ya jioni, napita kwao nakula bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, au mboga ya lengalenga. Nyama sijawahi kugusa. Na sikiliza hili, Shangazi, maana ndilo linaloninyima usingizi. Maman Aurore ana kisufuria kidogo chenye mfuniko mwekundu, amekitundika msumari wake peke yake. Siku ya kwanza nilipofika alikishusha, akawaambia watoto wake, “Hii ni ya Gasaro. Musichanganye.” Hakuna anayekigusa. Mimi sikumwomba. Ni mwanamke huyohuyo aliyesema hakununua dini.

Mama alipokuwa anasema wale watu hawana heshima, mimi nilikuwa nasimama pale, nakijua kile kisufuria, na nimenyamaza. Ningekitaja ningelazimika kusema nilichokula.

Halafu Sheikh akapita, akaikuta sufuria barabarani, akauliza. Hakukunja uso hata kidogo. Alisema ioshwe mara saba, moja iwe kwa udongo, basi, ni sufuria kama sufuria nyingine. Papa alipumua mpaka nikamsikia. Mama akasema sawa, Sheikh amesema, lakini Gasaro ndiye atakayeosha, nje. Akanipa glavu za mpira, zile anazopakia dawa kwenye maharage ya mbegu.

Nikavaa. Nilikuwa nimeshachota udongo, nasugua, Aurore akatokea na kidumu cha maji kichwani. Alitazama udongo. Akatazama mikono yangu. Hakupaza sauti.

“Kwetu ulikuwaka unakula na glavu?”

Nilifungua mdomo. Unajua kilichotokea. Alikwenda zake, na mimi nikasahau nilikuwa nimefika mara ya ngapi. Nikamwaga maji, nikaingia ndani, nikamwambia Mama kichwa kinaniuma, na kweli kilikuwa kinauma.

Nimewaza sana tangu siku ile. Kama sufuria ni chafu, mbona sikuwahi kuona uchafu nilipokaa jikoni kwao? Kama si chafu, kwa nini nilivaa glavu? Najua ni Mama aliyenipa. Lakini mikono ni yangu. Na Papa je, alikosea? Alitimiza kiapo. Maman Aurore alikosea? Sufuria inavuja kweli, na mtu akinunua chombo ni chake. Kila nikimtafuta mwenye kosa napata watu wote wana haki, na rafiki yangu ndiye aliyeumia.

Jumatano nikaanza upya. Glavu niliziacha ukutani. Nilikuwa nasuuza ya kwanza niliposikia kidumu kinatuliwa chini. Aurore akakaa juu yake.

“Mara ngapi?” akauliza.

“Saba. Moja na udongo.”

“Juu yetu? Sababu ya sisi?”

“Juu ya nguruwe.”

“Nguruwe tu?”

“Nguruwe tu.”

Akafikiri kidogo. “Hiyo mafuta, hata sisi inatushindaka. Maman angejua udongo inaitoa, angeosha hivyo kila siku.” Nikacheka, naye akacheka kidogo, kisha akakunja mikono ya sweta. “Nikisaidia, itahesabiwa?”

“Sijui.”

“Weye, unajuaka nini?”

Nikasogea. Maji tuliyotumia ni ya kidumu chake. Ile ya udongo aliifanya yeye, si mimi, kwa sababu ana nguvu, na aliingia nusu mwili ndani ya sufuria akasugua mpaka chini, sauti yake inatoka humo kama ya mtu aliye kisimani. Nilimwambia kuhusu namba ya Giheke. Akasema, “Na hukusema?” Nikasema nilifuta. Akasema, “Njo weye huyo,” yaani ndiyo tabia yangu. Jioni yake alimwambia mama yake habari ya ile namba. Mimi Papa bado sijamwambia.

Papa ameshaiziba. Amepiga ripiti mpya, ule msumari wa kubana mshikio, akawasha moto tena langoni, Mukandori akatoka na kigoda chake, na haikutoa tone wala harufu. Aliniuliza, “Zote saba?” Nikajibu, “Zote saba zimeoshwa, Papa.” Ni kweli. Sikusema na nani.

Na leo asubuhi Mama, furaha ya mjukuu imemzidi, ameitazama ile sufuria inavyong'aa akasema pilau ya aqiqa itapikwa humo, hakuna kuuza tena. Sheikh atakula. Wazee wote watakula. Nikatoka nje.

Ndilo swali langu, Shangazi, wewe unayefundisha mambo haya. Je, inahesabiwa? Mtu asiye Muislamu akiosha, imetakata? Kumwuliza Sheikh siwezi, unajua mdomo wangu. Na nikiuliza akasema hapana, itabidi Mama aambiwe kwa nini inaoshwa tena, na Aurore atasikia, na safari hii sidhani kama atarudi na kidumu. Nikinyamaza na kumbe haikufaa, nitakuwa nimewalisha watu wote hao. Kila upande nikigeuka naona uso wa mtu.

Mzee Harelimana, dereva wa lori, anaondoka kesho na ndiye atakayekuletea barua hii. Najua ikikufikia pilau itakuwa imeshaliwa. Lakini nijibu. Ukinambia imehesabiwa, mwandikie Papa, na umtajie Aurore kwa jina. Ukinambia haikuhesabiwa, niandikie mimi peke yangu, nitaiosha tena. Ila nitamwita Aurore tena, Shangazi, maana ni nzito, na peke yangu siwezi kuigeuza.

Nisalimie Mzee Sefu, na binamu zangu wote, hasa yule mdogo aliyeniuliza kwenye simu kama mimi ni bubu. Papa anakusalimu, Mama anakusalimu na anauliza kitenge cha buluu ulichoahidi. Latifu anaomba dua kwa mtoto. Mungu aupunguze uvimbe wa mguu wako, na akupe wanafunzi wanaouliza maswali kwa sauti.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda sana na kukuogopa kidogo,

Gasaro